Kabureta ya Mayenga

Pale Kagoma ukiulizia fundi wa pikipiki utaonyeshwa vibanda visivyopungua vitano, na kila fundi atakupungia mkono. Ukiulizia fundi wa kabureta utaonyeshwa kimoja tu, kile cha bati kilicho nyuma ya mashine ya kukoboa kahawa, na ndani yake utamkuta mwanamke wa makamo, mrefu, amejifunga kilemba, mikono yake inanuka petroli. Huyo ndiye Kokugonza.

Alizaliwa Kaagya, upande wa Bukoba Vijijini, kwenye kibanja cha migomba na mibuni ambacho baba yake alirithi kwa babu yake. Baba alimpeleka chuo cha ufundi mjini Bukoba akasomee ushonaji. Wiki ya pili binti akahamia darasa la injini bila kumwambia mtu. Baba alipokuja kujua, muhula ulikuwa umekwisha na matokeo yalikuwa mazuri, basi akanyamaza. Kokugonza hakupenda injini yote. Alipenda kabureta. Alipenda kuifungua, kupanga vipande vyake juu ya sinia jeupe, kuvisafisha kimoja kimoja kwa mswaki na petroli, kisha kuvirudisha na kusikiliza.

"Injini ikiugua watu hukimbilia kubadili plagi," alikuwa akisema. "Kumbe mara nyingi imenyimwa chakula tu."

Mayenga alikuja kibandani kwake akiwa mvuvi wa dagaa. Alikuwa Msukuma, mzaliwa wa ng'ambo ya ziwa, na wakati huo aliishi kwenye kimojawapo cha visiwa vya Muleba. Alileta kabureta ya injini ya mtumbwi, ameifunga kwenye mfuko wa sukari. Kokugonza akaitengeneza. Baada ya siku nne yule mvuvi akarudi na kabureta ileile. Kokugonza akaifungua, akaikagua, akaifunga.

"Hii haina ugonjwa," akasema.

"Najua," Mayenga akajibu. "Mgonjwa ni mimi."

Mwaka uliofuata wakafunga ndoa kanisani. Mayenga akaacha uvuvi, akanunua pikipiki, akawa bodaboda wa Kagoma. Mama yake, Agnes, alikuwa amehamia Ngenge, kule bondeni kwenye mashamba ya mahindi na malisho, na kila mwisho wa mwezi mkwe na mwana walishuka kumsalimia. Miaka kumi ilipita bila Mungu kuwajalia mtoto. Kwa miaka yote hiyo Agnes hakuwahi kumtupia mkwewe neno la kumchoma. Kila walipoondoka alimpa maziwa ya mgando kwenye chupa, akamwambia, "Kunywa wewe. Huyu mwanangu nimeshamnywesha ya kutosha."

Sasa, bodaboda wa Muleba wana mashindano yao. Hufanyika mara moja kwa mwaka, kiangazi, watu wakiwa wanaanika kahawa. Waendeshaji huanzia chini upande wa ziwa, wakapanda barabara ya changarawe yenye kona nyingi mpaka juu kwenye tambarare, na anayetangulia hupewa mbuzi na sifa za mwaka mzima. Mayenga alishindana mara tatu, na mara zote tatu alishindwa na Eliud, kijana wa Kagoma hapohapo, ambaye pikipiki yake ilikuwa na injini kubwa kuliko ya Mayenga. Walikuwa marafiki, wakiegesha kwenye kituo kimoja. Lakini mtu akishindwa mara tatu na rafiki yake, utani huanza kuuma.

Siku moja Mayenga akaja kibandani na simu mkononi. Alikuwa na video ya pikipiki ndogo za nchi za mbali zikishindana kwenye vumbi.

"Koku, unajua hizi zinakunywa nini? Pombe. Si petroli. Pombe tupu."

Kokugonza akaangalia video mara mbili, ya pili akiwa ameweka chini mswaki wake. Chuoni mwalimu wao aliwahi kuligusia jambo hilo. Pombe huungua kwa ubaridi kuliko petroli, na injini inayoitumia inaweza kuubana zaidi mchanganyiko wa hewa na mafuta bila kugonga kwa ndani. Injini ndogo ikibanwa hivyo hupata nguvu ya injini kubwa. Ila pombe inataka kumiminwa kwa wingi. Pale petroli inapotosha kikombe, pombe inataka kikombe na nusu na zaidi.

"Inawezekana," akasema. Mayenga aliona macho ya mkewe yanavyong'aa, akacheka.

Pombe haikuwa mbali. Jirani yao, mjane aitwaye Vestina, alikuwa akikamua ndizi, akitengeneza lubisi, pombe ya ndizi, na kutoka kwenye lubisi akipika ile pombe kali ambayo Wahaya huiita enkonyagi. Kokugonza akamwomba aipike mara tatu, iwe kali kiasi cha kutonyweka. Waliijaribu kwa kuimimina kwenye kijiko na kuiwasha kiberiti. Ndimi za moto zilikuwa za bluu hafifu, mchana huzioni, lakini mkono unauhisi moto. Iliungua yote, kijiko kikabaki kikavu.

"Waitu, mwanangu," Vestina alisema akitikisa kichwa, "nimepikia harusi na misiba. Pikipiki ndiyo mara yangu ya kwanza."

Kokugonza alifanya kazi ile wiki tatu, jioni baada ya wateja. Alisaga kichwa cha injini ili injini ibane zaidi. Kisha akaitoa jeti, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba ambamo mafuta hupita kuelekea kwenye injini, akaanza kulipanua tundu lake kwa kekee nyembamba kama unywele, akiizungusha kwa vidole. Anapanua kidogo, anarudisha, anawasha, anasikiliza. Asubuhi pikipiki iligoma kuwaka mpaka aidondoshee matone ya petroli, maana pombe ni nzito kushika moto ikiwa baridi. Lakini ikishawaka ilinguruma kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwenye pikipiki ya Kagoma. Harufu yake ilikuwa ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, na watoto waliokuwa wakitoka shule walisimama kuinusa.

"Inalewa kwa niaba yangu," Mayenga aliwaambia watu. Yeye mwenyewe hakuwa mnywaji.

Ijumaa kabla ya mashindano, Mayenga aliipeleka kwenye mlima wa kanisani, akaipandisha moto wote mpaka juu. Aliporudi alikuwa anacheka, lakini aliposhuka alikaa kidogo akiwaza.

"Inavuta kama imepagawa," akasema. "Ila kule mwisho kabisa, kabla sijaachia mafuta, ilikohoa. Mara moja tu."

"Ilikohoaje?"

"Kama mtu aliyekatizwa neno."

Kokugonza akafungua plagi. Kwa petroli plagi ni kama kitabu. Ikiwa nyeusi injini imeshiba mno, ikiwa nyeupe ina njaa, na yeye alikuwa amekisoma kitabu hicho miaka kumi na mitano bila kukosea. Lakini pombe haiachi masizi. Plagi ilitoka safi kama imetoka dukani. Akaigeuzageuza, hakuona cha kusoma. Na kwa kuwa jeti aliipanua kwa mkono wake mwenyewe na aliijua, akafikiri kosa lazima liwe kwenye pombe.

"Ina maji," akasema.

Akabeba dumu hadi kwa Vestina. Vestina akawasha kijiko mbele yake, kikakauka.

"Mwanangu, haina maji. Nimeipika mwenyewe mara tatu."

"Ipike ya nne, Ma Vestina."

Vestina akaipika ya nne. Jumamosi Mayenga akaenda tena kwenye mlima ule ule, lakini katikati alikutana na ng'ombe wakivuka barabara, akapunguza mwendo, kisha akamalizia juu. Haikukohoa. Wakaridhika. Usiku ule walikula ndizi na samaki, Mayenga akalala mapema.

Jumapili baada ya misa watu walijaa kando ya barabara kuanzia chini hadi juu. Kokugonza alisimama juu, karibu na mwisho, mahali ambapo mtu anaona kona mbili za chini yake. Alikuwa na kitambaa cha kumfutia mumewe vumbi. Bendera ilipoangushwa kule chini hakuiona, ila alisikia injini, na kati ya injini kumi na moja alisikia ya kwake. Ilikuwa mbele. Watu walianza kupiga kelele kabla hata pikipiki haijaonekana, "Mayenga! Mayenga!" Akatokea kwenye kona ya kwanza, peke yake, Eliud nyuma yake mbali kiasi cha nguzo tatu za umeme.

Hapo ndipo Kokugonza aliposikia sauti ikibadilika. Watu wengine walisikia kasi ikiongezeka, wakashangilia zaidi. Yeye alisikia sauti ikiwa nyembamba na kali, sauti ya injini inayoungua kavu. Alijua maana yake kama mama ajuavyo kilio cha njaa cha mtoto.

"Achia!" akapiga kelele. "Mayenga, achia mafuta! Achia!"

Alikimbia kushuka huku akipunga kitambaa, na watu wakadhani anashangilia. Pistoni ikanasa ndani ya silinda, gurudumu la nyuma likasimama ghafla, na pikipiki ikaenda kando kama kitu kilichotupwa. Mayenga aligonga ukingo wa jiwe la mtaro. Kokugonza alifika wa kwanza. Eliud alikuwa ameitupa pikipiki yake chini, akamsaidia kumwinua. Walimpakia kwenye gari la mtu aliyekuja kutazama mashindano, lakini hawakufika mbali. Alifariki njiani, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mkewe.

Walimzika Ngenge, karibu na nyumba ya mama yake, kama Agnes alivyoomba. Agnes hakulia mbele za watu. Alikaa karibu na Kokugonza kwa siku zote za matanga, mkono wake juu ya goti la mkwewe, na kila mara aliposikia pikipiki ikipita barabarani mkono ule ulibana.

Kokugonza aliporudi Kagoma alikuta maneno yameshatangulia. Pikipiki haikuwa na kosa, watu walisema, maana ilimtangulia hata Eliud. Mwendeshaji hakuwa na kosa. Basi kosa ni pombe. Wengine walisema Vestina aliiongezea maji ili iwe nyingi. Wengine wakanong'ona kwamba alitia kitu ndani yake, kwa kuwa mjane hapendi kuona mume wa mwenzake. Wateja wa Vestina wakahama. Asubuhi moja Vestina aliamka akakuta mtumbwi wake wa kukamulia ndizi, wa gogo zima, aliourithi kwa mumewe, umepasuliwa kwa shoka vipande viwili.

Wiki ya tatu pikipiki ikarudishwa kutoka kituo cha polisi baada ya kukaguliwa. Kokugonza akaiacha siku mbili chini ya turubai. Siku ya tatu akafunga mlango wa kibanda, akaitoa kabureta, akapanga vipande juu ya sinia.

Jeti ilikuwa safi. Haikuwa na taka wala maji. Pombe iliyobaki kwenye tangi akaiwasha kwenye kijiko, ikaungua yote. Akakaa akitazama vipande vile muda mrefu. Kisha jicho lake likaangukia kitu ambacho hakuwa amekigusa kabisa kwa zile wiki tatu.

Mafuta hayatoki kwenye tangi moja kwa moja hadi kwenye jeti. Yanapita kwanza kwenye mlango mdogo, yanaingia kwenye bakuli lililo chini ya kabureta, na humo linaelea boya. Bakuli likijaa boya hupanda na kuusukuma mlango ufungwe, likipungua boya hushuka na mlango ukafunguka. Kutoka bakulini ndipo jeti hunyonya. Kokugonza alikuwa amepanua njia ya kutokea. Njia ya kuingilia aliiacha vilevile ilivyotoka kiwandani, ya kupitisha petroli.

Akachukua kijiko kikubwa, kikombe, na saa ya simu. Akapima. Kwa dakika moja jeti ilitoa pombe vijiko sita. Kwa dakika moja mlango uliingiza vijiko vinne. Bakuli lenyewe lilibeba vijiko viwili. Akapima tena, akitumaini amekosea, akapata vilevile. Kwa hiyo moto wote ukishikiliwa dakika moja, bakuli linakauka. Mlima wa kanisani ulikuwa wa dakika moja. Mlima wa mashindano ulikuwa wa karibu tatu, na kona zake za chini, zilizomlazimu kuachia kidogo, ndizo zilizoifikisha injini hadi pale juu.

Na Mayenga alikuwa amemwambia.

Alikaa kwenye kiti chake cha mbao mpaka mguu ukafa ganzi. Mlango ukagongwa. Alikuwa Vestina, amevaa kanga ya kwenda kanisani ingawa ilikuwa Jumatano, kama mtu aliyejiandaa kwa ajili ya jambo zito.

"Mwanangu," Vestina akasema, "sijaja kulalamika. Watu waseme. Nimekuja kukuuliza wewe. Wewe nawe unaamini ni pombe yangu?"

Vipande vilikuwa juu ya sinia, nyuma ya mgongo wa Kokugonza. Kikombe cha pombe kilikuwa bado kimejaa.

"Sijui, Ma Vestina," akasema.

Mjane yule alimtazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Kokugonza alifunga mlango tena. Maishani mwake alikuwa amesema uongo mdogo mdogo kama watu wote, lakini ule ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Siku mbili nzima alijaribu kula, akashindwa.

Jumamosi akaweka kabureta kwenye mfuko, akashuka Ngenge. Alimkuta Agnes ameketi uani akichambua maharage. Alisalimia, akaketi chini kwenye mkeka, na kabla hajakaribishwa maji akasema, "Mama, nimekuja kukueleza kilichomuua Mayenga."

Agnes hakuwahi kuona kabureta imefunguliwa. Kokugonza akamwomba kata ya kuchotea maji na kibuyu. Akamwambia ashike kibuyu na kumimina kwenye kata taratibu, naye akatoboa chini ya kata, ambayo ilikuwa ya plastiki kuukuu, tundu kubwa kwa msumari. Maji yakatoka kwa kasi kuliko yalivyoingia. Kata ikabaki tupu huku Agnes akiendelea kumimina.

"Mimi ndiye niliyetoboa huku chini," Kokugonza akasema. "Huku juu sikupanua. Injini ilikosa mafuta, ikanasa. Pombe haikuwa na kosa."

Agnes akaweka kibuyu chini. "Na wewe hukujua?"

"Sikujua. Lakini aliniambia, Mama. Ijumaa. Aliniambia imekohoa. Nikasema ni maji."

"Alikuambia."

"Aliniambia."

Agnes akarudi kwenye maharage yake. Alichambua sinia zima, mabovu huku, mazima huku, bila kuinua uso. Kokugonza hakuthubutu kuondoka. Hatimaye mama yule akazungumza, na sauti yake haikuwa ya hasira, ila ilikuwa imechoka sana.

"Siwezi kukuambia hukukosea. Nikisema hivyo nitakuwa namdanganya mwanangu aliye pale udongoni. Labda siku moja nitaweza, leo siwezi. Lakini yule mama wa watu anayebebeshwa mzigo wako, mtue. Usilale tena kabla hujamtua."

Jioni ile ile kule Kagoma jumuiya ya kanisa ilikuwa inasali nyumba ya pili kutoka kwa Kokugonza. Kokugonza aliingia na vumbi la safari miguuni. Vestina alikuwa ameketi peke yake karibu na mlango, mkeka wa pande zake zote mbili ukiwa wazi. Rozari ilipokwisha Kokugonza akasimama, akaeleza. Hakutumia maneno ya ufundi. Alisema kosa ni lake, na kwamba alilijua tangu Jumatano, na kwamba Vestina alimuuliza akamjibu hajui.

Kisha mwanamume mmoja akaguna, "Ndiyo matokeo ya mwanamke kushika spana," na wengine wakamnyamazisha, lakini si kwa nguvu. Kokugonza alikuwa anamtazama Vestina. Alikuwa amefikiri, kwa siri ya moyo wake, kwamba watakumbatiana.

"Nilikuuliza kwa mdomo wangu," Vestina akasema. "Ulinitazama machoni."

Akakunja kanga yake, akaaga wenye nyumba, akatoka. Wateja wake walirudi polepole baada ya siku ile, na vijana walimchongea mtumbwi mpya wa kukamulia. Salamu za Kokugonza aliendelea kuziitikia, maana ni mtu mwenye heshima. Lakini hakukanyaga tena kwenye kile kibanda cha bati, na ndizi alizokuwa akimletea kila wiki hakuzileta tena.

Kokugonza akafunga kibanda, akarudi Kaagya. Mwaka mmoja na miezi kadhaa alichuma kahawa ya baba yake, akapalilia, akatandaza nyasi kwenye migomba. Baba yake, sasa mzee wa kutembea na fimbo, hakumuuliza chochote. Mikono ya Kokugonza iliacha kunuka petroli.

Kisha siku moja mchana pikipiki ikaingia kibanjani. Alikuwa Eliud. Alisalimia wazee, akakaribishwa kahawa ya kutafuna, akaitafuna yote kabla ya kusema lililomleta.

"Dada Koku, vijana watatu wamebadilisha pikipiki zao ziende kwa pombe. Waliona jinsi Mayenga alivyotuacha siku ile. Mmoja pistoni yake imeshatoboka, bahati alikuwa tambarare. Mashindano ni mwezi ujao."

"Waambie watumie petroli."

"Nimewaambia. Wewe unafikiri sijawaambia? Mimi ndiye nilimwinua pale." Akasogeza kigoda chake karibu. "Wanapanua jeti. Basi. Hawajui kitu kingine. Kuna kitu kingine, sivyo?"

Kokugonza akasimama, akaingia ndani ya nyumba, akakaa kitandani kwake. Kufundisha jambo lile kulikuwa kama kufungua jeneza. Na kutofundisha ni kuwaacha wake wa watu wasimame juu ya mlima wakisikiliza. Alipotoka alikuwa amejifunga kilemba.

Kibanda kilikuwa na utando wa buibui na harufu ya panya. Wale vijana watatu na Eliud walisimama mlangoni. Akawaonyesha. Alipanua mlango wa bakuli na kukata kiti kipya cha sindano inayoufunga, akabadilisha mpira wa mafuta kwa mnene zaidi, akatoboa kifuniko cha tangi ili hewa iingie na pombe ishuke bila kusita. Kisha akapima kwa kijiko na saa. Jeti ilitoa sita, mlango ukaingiza nane.

"Hesabu hii muifanye kila mara," akawaambia. "Kinachoingia kizidi kinachotoka. Na mwendeshaji akikuambia amesikia kitu, usibishane naye. Yeye ndiye aliyekuwa juu yake."

Kabureta ya kwanza ilimchukua chini ya saa moja. Aliitazama pale kwenye sinia, imekamilika, na ndipo akalia, mbele ya wanaume wanne, kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya hata Ngenge kaburini. Chini ya saa moja! Wiki tatu zote zile alikuwa na nafasi ya hiyo saa moja. Wale vijana walitazama chini. Eliud aliwapeleka nje, akaurudisha mlango.

Mashindano yalipofanyika hakwenda. Alikaa kibandani akisafisha kabureta ya mashine ya kusaga, na injini zilipopanda kwa mbali alisikia zote mpaka juu. Hakuna aliyeanguka. Mshindi alimletea mguu wa mbuzi, akaupokea kwa adabu, akaupeleka kwa jirani.

Hiyo ni miaka mitatu sasa. Mwaka jana Agnes alianza kusahau, kwanza mahali alipoweka jembe, kisha majina ya ng'ombe, na hakuwa na mtoto mwingine wa kumtunza. Kokugonza alishuka Ngenge, akamleta Kagoma. Humwogesha, humpikia, humketisha mchana kwenye kivuli cha kibanda afanyapo kazi. Siku nyingine Agnes ni mzima wa akili na huzungumza habari za mvua. Siku nyingine huinua kichwa akauliza, "Mayenga amechelewa wapi?"

Kokugonza angeweza kumwambia yuko safari. Majirani humshauri hivyo. Lakini yeye huweka mswaki chini, akamshika mkono mama yule, akamwambia amefariki, na akiulizwa ilikuwaje humweleza yote, bakuli na mlango, na ile Ijumaa. Kuna siku Agnes hulia kama aliyepigiwa simu ya msiba sasa hivi. Kuna siku huutoa mkono wake na kukataa chakula mpaka jioni.

Wiki iliyopita alisikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayesikiliza habari za nyumba ya mbali.

"Pole sana, mwanangu," akasema. "Na huyo mumeo, alikuwa mtu mwema?"

"Alikuwa mtu mwema, Mama."

"Ana mama yake?"

"Anaye."

"Mtunze," Agnes akasema, akajifunika vizuri kanga yake mabegani, maana upepo wa kutoka ziwani ulikuwa umeanza kuvuma.